Maswali ya Wasomaji: Maji Yalipotoa Mstari

Barua nne za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni utafiti wa shahada ya uzamili katika sayansi ya molekuli, ule unaofanywa chini ya msimamizi na kuishia kwenye tasnifu. Tumeondoa majina ya waandishi, ya vyuo na ya wasimamizi wao, na tumefupisha barua mahali palipohitajika.

*Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kozi za darasani za shahada ya uzamili na sasa natakiwa kuandika pendekezo la utafiti. Nilimpelekea msimamizi wangu mada isemayo "Usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa nchini Tanzania". Alisoma ukurasa wa kwanza, akaandika neno moja kwa kalamu nyekundu, "Punguza", akanirudishia. Nimepunguza mara mbili na bado anasema hivyohivyo. Je, ananidharau, au ni mimi nisiyeelewa? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kwa namna ulivyoeleza sioni dharau katika neno hilo, ingawa nitasema wazi kwamba neno moja la kalamu nyekundu halitoshi, kwa kuwa msimamizi anayekutaka upunguze ana wajibu wa kukuonyesha upunguze wapi. Nitajaribu kukuonyesha mimi, kisha urudi kwake ukiwa na kitu cha kuzungumza naye.

Mada uliyoiandika haina swali ndani yake. Usugu wa malaria una historia ndefu, na kila kipande cha historia hiyo kina jeni zake, yaani sehemu za maagizo ya urithi ya kimelea. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001, ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), na kufikia mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini). Anayechunguza usugu wa klorokwini huangalia jeni ya pfcrt. Anayechunguza SP huangalia dhfr na dhps. Na anayechunguza artemisinini, ambayo dawa za jamii yake ndizo nusu ya nguvu ya ALu, huangalia jeni ya kelch13. Uhusiano wa jeni hiyo na usugu ulitangazwa mwaka 2014, baada ya watafiti kulinganisha vimelea vya wagonjwa wa Kambodia na aina ya kimelea chenye asili ya Tanzania kilichozoeshwa artemisinini maabarani kwa miaka mitano. Kwa hiyo ukisema "usugu dhidi ya dawa" umejitwisha jeni zote hizo, ukisema "nchini Tanzania" umejitwisha mikoa yote, na mwaka mmoja ulio nao kwa tasnifu hautatosha hata kukusanya damu.

Sasa tazama tunavyopunguza. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa kwamba nchini Rwanda kumeonekana vimelea vyenye badiliko la kelch13 liitwalo R561H, maana yake katika nafasi ya 561 ya protini, asidi amino (kijenzi cha protini) ya arjinini imeondoka na nafasi yake imeshikwa na histidini. Baadaye badiliko hilohilo likaonekana mkoani Kagera. Hapo swali linajitokeza lenyewe: katika vituo viwili vya afya vya wilaya moja ya Kagera, ni asilimia ngapi ya wagonjwa wa malaria wana vimelea vyenye R561H? Swali hilo lina mahali, lina watu, lina jeni moja, na jibu lake ni namba.

Hata idadi ya sampuli inatoka humohumo. Ukikadiria kwamba badiliko hilo liko kwa asilimia 10 ya wagonjwa, na ukataka jibu lisilopotoka kwa zaidi ya asilimia 5 kila upande kwa uhakika wa asilimia 95, hesabu ya kawaida inakupa wagonjwa 139. Ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya sampuli zitakazoharibika, wanakuwa 153. Kwa kila mgonjwa yanatosha matone machache ya damu ya kidole yaliyokaushwa kwenye karatasi chujio, na karatasi 153 zinaingia kwenye boksi moja dogo, kila moja ndani ya mfuko wake wenye pakiti ya kunyonya unyevu. Kazi ya ukubwa huo mtu mmoja anaiweza, akaimaliza, na akaweza kuitetea mbele ya mtahini wa nje bila kubabaika.

Kuna njia nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaifikirii kwa sababu wanaamini utafiti ni lazima uanze na safari ya kwenda kijijini. Mwulize msimamizi kama mradi wake una sampuli zilizokwisha kuhifadhiwa. Zikiwapo, soma kwa makini fomu ya ridhaa ambayo wagonjwa waliitia saini: je, walikubali damu yao itumike kuchunguza jeni za vimelea, au walikubali kipimo cha siku ile tu? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama unaruhusiwa kuzigusa, na kamati ya maadili itakuuliza jambo hilo kabla ya lolote lingine. Usisahau kwamba vibali huchukua muda ambao huwezi kuuharakisha, kwa hiyo peleka maombi mapema, uulize kama utafiti wako unahitaji pia kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kama kuna sampuli zitakazovuka mpaka, uulize kuhusu makubaliano ya maandishi ya kuhamisha sampuli. Wakati unasubiri, fanya mazoezi ya PCR, yaani kuzidisha kwa mashine kipande cha DNA (molekuli inayobeba maagizo ya urithi), kwa DNA ya vimelea vinavyokuzwa maabarani, ili mkono uzoee kabla ya kugusa damu ya mtu.

Ukirudi kwa msimamizi, usimpelekee kurasa kumi na tano. Mpelekee ukurasa mmoja wenye swali, idadi ya sampuli na jinsi ulivyoipata, jeni, na vifaa vilivyopo. Nadhani safari hii ataandika zaidi ya neno moja.

*Mwalimu, nafanya PCR ya kelch13 kwa hatua mbili. Kwa wiki tatu sasa kichupa cha maji matupu kinatoa mstari uleule unaotoka kwenye sampuli za wagonjwa. Nimesugua meza kwa spiriti, nimebadilisha glavu, bado. Kikao na msimamizi wangu ni Jumatatu na naona aibu kumwambia kwamba wiki tatu zimepotea. Rafiki yangu ananishauri niikate picha ya jeli pale penye maji, kwa kuwa sampuli zenyewe zinaonekana zimefanya kazi. Nifanyeje? – Msomaji, Dar es Salaam*

Usiikate picha hiyo. Nakuomba hilo kabla ya kukueleza jambo lolote jingine, na nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu wapo waliokata bila kuuliza.

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii: baada ya PCR, kilichomo kwenye kila kichupa hupitishwa kwenye jeli, na palipo na DNA iliyozidishwa huonekana mstari. Kichupa cha maji kipo kwenye jaribio lako kwa kazi moja tu, nayo ni kukuambia kama kuna DNA iliyoingia mahali ambapo hukuiweka. PCR huzidisha nakala maradufu katika kila mzunguko, hivyo kipande kimoja cha DNA, baada ya mizunguko 30, kwa hesabu kinaweza kufikia nakala zaidi ya bilioni 1. Maji yanapotoa mstari, mistari ya wagonjwa haisemi kitu tena: mstari wa mgonjwa wa 27 huenda ni DNA ya mgonjwa wa 4 iliyosafiri, na kama wa 4 ana R561H, utaandika kwamba wote wawili wanayo. Mtu atakayesoma tasnifu yako huko wizarani, akitafuta kujua kama dawa bado inafaa mahali ulipokusanya damu, ataichukua namba hiyo kama ilivyo. Rafiki yako anakutakia mema, lakini anakushauri ufiche ushahidi, na mtahini akiomba picha kamili hutakuwa na la kujibu.

Sasa tuutafute uchafu wenyewe. PCR ya hatua mbili ina udhaifu unaojulikana: baada ya hatua ya kwanza unafungua vichupa vilivyojaa mabilioni ya nakala na kuhamisha kiasi kidogo kwenda kwenye hatua ya pili, na kila kifuniko kinapofunguka, vitone visivyoonekana kwa macho huruka hewani na kutua kwenye glavu, kwenye pipeti na kwenye meza. Kwa hiyo weka maji mara mbili. Maji ya kwanza yaanze nawe hatua ya kwanza na uyahamishe hadi hatua ya pili kama unavyohamisha sampuli. Maji mengine mapya yaingie hatua ya pili peke yake. Mstari ukitokea kwenye maji ya kwanza tu, uchafu uko hatua ya kwanza au kwenye kuhamisha. Ukitokea kwenye maji yote mawili, angalia hatua ya pili kabla ya kwingine, yaani praima zake (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili), maji yake, mchanganyiko wake au pipeti yake. Ukishajua ni hatua gani, badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio: kwanza maji mapya, kisha praima kutoka kwenye kichupa ambacho hakijawahi kufunguliwa, kisha kimeng'enya kinachonakili DNA. Ukibadilisha vyote kwa pamoja mstari unaweza kupotea, lakini hutajua ulitoka wapi, na utarudi.

Kuhusu kusugua meza, spiriti huua bakteria lakini haiharibu DNA. Kinachoiharibu ni jiki. Tengeneza jiki mpya siku hiyohiyo, sehemu moja kwa tisa za maji, upake meza na sehemu za nje za pipeti, uiache kwa dakika kumi hivi, kisha uifute kwa maji safi kwa sababu jiki hula chuma. Tumia ncha za pipeti zenye chujio ndani. La mwisho, na ndilo linalovunjwa kila siku katika maabara zetu zenye vyumba vichache: kitu kilichokwenda upande wa jeli kisirudi upande wa kuchanganyia, wala koti, wala kalamu, wala daftari.

Nilikaa na mstari kama wako kwa wiki tano nilipokuwa mwanafunzi. Nakumbuka nikiwa nimevaa miwani ya kinga mbele ya taa ya urujuanimno, jeli ikiwaka rangi ya chungwa, na pale kwenye njia ya nane, ambako palitakiwa pawe giza tupu, mstari mwembamba umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nilikuwa nikijaribu mambo usiku ili mtu asinione. Wiki ya sita nilimpelekea msimamizi wangu picha zote, nikitetemeka. Alizipanga mezani kwa tarehe, akakaa kimya kidogo, akaniuliza nani anatumia ile pipeti yenye utepe mwekundu. Nilikuwa sijui. Tulikwenda tukaikuta kwenye chumba cha jeli: mwenzangu alikuwa akiiazima kila jioni kupakia jeli na kuirudisha asubuhi kabla sijafika. Msimamizi alikuwa amegundua kwamba maji yalikuwa safi kila Jumatatu, kwa sababu mwishoni mwa wiki hakuna aliyepakia jeli. Mimi nilikuwa na picha zilezile kwa wiki tano na sikuliona hilo. Sampuli sitini nilizirudia upya.

Jumatatu nenda na picha zote, zikiwa kamili, pamoja na daftari la maabara. Kwenye daftari kila jaribio liwe na tarehe, namba ya kundi la kimeng'enya, nani alikuwa chumbani, na matokeo kama yalivyokuwa, yakiwamo ya maji. Kama hukuyaandika siku zile, andika leo unachokumbuka, uweke tarehe ya leo na useme wazi kwamba umeandika baadaye. Wiki tatu za kutafuta chanzo cha uchafu, zikiwa zimeandikwa, ni sehemu halali ya kazi yako na zinaweza kuingia kwenye sura ya mbinu. Zikifichwa, ndipo zinapokuwa zimepotea.

*Habari Mwalimu. Nilimpa msimamizi wangu sura ya pili ya tasnifu miezi miwili iliyopita. Kila nikimpigia ananiambia ataiangalia. Muda wa usajili wangu unakwisha. Nimshtaki? – Msomaji, Eldoret*

Miezi miwili ni mingi, na kosa hilo ni lake. Kabla ya kufika kwenye mashtaka, mwandikie barua pepe fupi yenye maswali matatu tu yanayokukwamisha, kwa mfano kama idadi ya sampuli imeelezwa vya kutosha, ukimwonyesha kurasa hasa za kuangalia na ukitaja tarehe unayohitaji jibu. Sura ya kurasa arobaini huahirishwa kwa sababu inahitaji mchana mzima, lakini maswali matatu yanajibika akiwa anasubiri kikao kianze. Baada ya kila mazungumzo ya simu, mwandikie mliyokubaliana, mistari minne tu, ili kuwe na kumbukumbu. Kama una msimamizi wa pili, mpelekee sura hiyo leo. Wiki mbili zikipita kimya, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara ukiwa na barua hizo mkononi, na uombe msaada wa kupata maoni badala ya kuanza na malalamiko juu ya mtu. Wakati wote huo endelea na maabara, usingoje.

*Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni fundi seremala, nipo Tanga. Binti yangu anasoma shahada ya pili ya mambo ya molekuli. Ada nimelipa. Sasa ananiambia anahitaji fedha nyingine ya "kusomesha DNA", tena nyingi, na kwamba dawa za maabara zinatoka nje kwa ndege. Sitaki kumvunja moyo, ila sijaelewa ninalipia nini. – Mzazi, Tanga*

Nzuri, mzee wangu, na hongera kwa kumfikisha hapo. Anayokuambia yanawezekana kuwa kweli kabisa, na una haki ya kuelewa kila shilingi.

Molekuli ni vitu vidogo mno vinavyojenga mwili, na DNA ni mojawapo, ndefu kama uzi, ikibeba maagizo ya kiumbe kwa herufi nne tu zinazojirudia kwa mpangilio. Binti yako huzidisha kipande kidogo cha uzi huo kwa mashine, kisha anahitaji kujua herufi zake zimepangwaje. Kazi hiyo ya pili hufanywa kwa mashine ambazo si kila chuo kinazo, kwa hiyo sampuli hupelekwa kwenye maabara nyingine inayotoza kwa kila usomaji. Mara nyingi kila sampuli husomwa mara mbili, kutoka kila mwisho wa uzi, ili herufi zihakikishwe, na ndiyo maana gharama hupanda haraka. Vimeng'enya navyo huhifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kusafirishwa ndani ya barafu. Vikikwama uwanjani katika joto, vinaweza kuharibika na kununuliwa upya. Wewe unajua mbao ikiloweshwa njiani inakuwaje.

Kabla ya kutoa fedha, mwombe vitu viwili. Cha kwanza ni ukurasa wa bajeti katika pendekezo lililopitishwa na chuo, uone kama gharama hiyo ilikuwamo na ni nani aliyetajwa kuilipa, kwa kuwa mara nyingine mradi wa msimamizi hubeba sehemu na mwanafunzi huona haya kuuliza. Akiona haya, mwambie kwamba umemtuma wewe. Cha pili ni ankara ya maabara inayotoza, na malipo yapitie njia rasmi iliyoandikwa kwenye ankara hiyo.

Wala hulazimiki kulipa yote kwa mkupuo. Mwulize ni sampuli ngapi ambazo zimekwisha kutoa mstari safi huku kichupa cha maji matupu kikiwa hakina mstari. Atashangaa umelijua wapi swali hilo. Akikujibu kwamba ni ishirini, mlipie ishirini hizo kwanza, azisomeshe, akae na msimamizi wake wayaangalie majibu pamoja, na zilizobaki mzipange kwa awamu kadiri kazi yako ya mbao inavyoruhusu.